Ukoo wa bendi ya Free, na jinsi nilivyoufuata jina kwa jina

Mtu aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja hatafutiwi sababu ya kumsikiliza Freddie Mercury. Alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964, na nyimbo za bendi yake ya Queen tumezisikia tangu utotoni hata sisi ambao nyumbani kwetu hapakuwa na muziki mwingine wowote wa roki. Mimi nami nilianzia kwake. Lakini muziki ninaoupenda kuliko wote leo, yaani ile roki nzito ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliyojengwa juu ya bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, sikuufikia kwa sauti ya Freddie. Niliufikia kwa sauti ya mtu aliyekuja kuimba na wenzake miaka mingi baada ya yeye kufariki.

Binamu yangu anayeishi Uingereza aliniletea diski ya onyesho lililorekodiwa Sheffield mwezi Mei 2005, ambamo Brian May na Roger Taylor wa Queen wanapiga pamoja na mwimbaji Paul Rodgers. Nilikuwa nikisikiliza nyimbo ninazozijua, na nakiri kwamba nilikuwa nikimlinganisha yule bwana na Freddie kila ubeti, mpaka ulipopigwa wimbo uitwao «All Right Now». Hapo hapakuwa na cha kulinganisha. Rodgers aliuimba kama mtu aliyerudi nyumbani kwake, akavua viatu, akakaa. Nilichukua ganda la diski nikasoma majina ya watunzi, nikakuta Fraser na Rodgers. Katika Queen hapakuwahi kuwa na mtu aitwaye Fraser, na kwa kuwa jina hilo lilinisumbua, nilianza kulitafuta. Yote nitakayoyaeleza hapa yametoka katika jina hilo moja.

Andy Fraser alikuwa mpiga besi wa bendi ya Free, iliyoundwa London mwezi Aprili 1968. Alikuwa na umri wa miaka 15. Mpiga gitaa, Paul Kossoff, alikuwa na miaka 17, na Paul Rodgers pamoja na mpiga dramu Simon Kirke walikuwa na miaka 18 kila mmoja. Naziandika hesabu hizi kwa makusudi, kwa sababu msikilizaji anayekutana na albamu yao ya kwanza, «Tons of Sobs» ya mwaka 1969, bila kujua umri wao, hudhani kwamba anawasikia watu wazima walioonja maisha kwa muda mrefu. Albamu hiyo ni chafu kidogo, katika maana nzuri ya neno hilo. Imerekodiwa haraka, magitaa yananguruma, na mwimbaji anaomboleza. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 1970, walitoa «Fire and Water», yenye nyimbo 7 tu, na hiyo ndiyo ambayo ningeikoa kwanza kama nyumba yangu ingeshika moto.

Ningependa nieleze kwa utulivu ni kitu gani hasa kinachonivuta katika «Fire and Water», kwa kuwa bila kukieleza, kila nitakachosema baadaye kuhusu wasanii wanaofanana na Free kitakuwa maneno matupu. Sikiliza beti za «All Right Now». Gitaa linapiga, dramu zinapiga, Rodgers anaimba, na besi haipo. Fraser amenyamaza kabisa. Anaingia kwenye kiitikio tu, na anapoingia unahisi kama sakafu imewekwa chini ya miguu yako wakati ambapo hukuwa umetambua kwamba haikuwapo. Vijana wanne wanaopiga roki nzito, mmoja wao akiwa hajafika hata miaka 18, na tayari wanajua kwamba sauti inayokosekana inaweza kuwa na uzito kuliko sauti inayosikika! Kossoff naye alikuwa hivyo hivyo. Hakuwa mtu wa kukimbiza vidole. Alichagua nota moja, akauvuta uzi mpaka nota ile ipande, kisha akaitetemesha kwa kidole polepole, kama sauti ya mtu anayejizuia kulia. Alifariki tarehe 19 Machi 1976 ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda New York, akiwa na miaka 25, baada ya dawa za kulevya kuuharibu mwili wake, na mpaka leo siwezi kuusikiliza mtetemo wa kidole chake bila kuhuzunika.

Kwa hiyo nilipozimaliza albamu zote za Free na kutaka nyingine za namna hiyo, nilikuwa natafuta nafasi, ukimya na nota moja iliyoshikiliwa. Niliiachia programu ya kusikilizia muziki inichagulie. Ikaniletea bendi nyingi za roki nzito za miaka ile ile, zenye waimbaji wanaopaza sauti na wapiga gitaa wenye kasi ya ajabu, na baadhi ya bendi hizo nimezipenda tangu siku ile. Hata hivyo, baada ya majuma kadhaa nilitambua kwamba nilikuwa nimeonyeshwa majirani wa Free wanaokaa mtaa mmoja, wakati mimi nilitaka kuonyeshwa ndugu zake wa damu, ambao huenda wanaishi mji mwingine kabisa.

Marehemu baba yangu alikuwa mpenzi wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam, na sikuwahi kumsikia akiuliza bendi gani inafanana na bendi gani. Yeye alifuata watu. Muhidin Maalim Gurumo alipotoka JUWATA akajiunga na Mlimani Park mwaka 1978, baba aliifuata Mlimani Park, yaani Sikinde, kwa ajili ya Gurumo, bila kuiacha JUWATA, yaani Msondo, na kwa kumfuata mwimbaji mmoja akajikuta amezifahamu bendi mbili, wapiga solo wao, watunzi wao na ugomvi wao. Nikajiuliza kwa nini nisifanye hivyo kwa Free.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kuwafuata wanamuziki kwenda mbele. Rodgers na Kirke, baada ya Free kuvunjika moja kwa moja mwaka 1973, waliunda Bad Company pamoja na Mick Ralphs, mpiga gitaa aliyetoka Mott the Hoople, na Boz Burrell, aliyetoka King Crimson. Albamu yao ya kwanza ilitolewa mwaka 1974 na Swan Song, kampuni ya Led Zeppelin, ikafika namba moja Marekani. Ni albamu safi, imenyooka, na Rodgers hajapata kuimba vizuri zaidi. Ila Ralphs si Kossoff. Anapiga vizuri na kwa furaha, na ule uchungu haumo. Albamu zao za baadaye nazisikiliza kwa heshima zaidi kuliko kwa mapenzi.

Kuwafuata kwenda nyuma ndiko kulikonipa hazina. Fraser alitoka wapi akiwa na miaka 15? Alitoka katika bendi ya John Mayall, iliyoitwa Bluesbreakers, na aliyemsaidia kufika huko alikuwa Alexis Korner, mzee wa bluzi wa London, ambaye baadaye ndiye aliyewapa wale vijana wanne jina la Free. Ukilifikia jina la Mayall umeifikia njia panda ya muziki huu wote wa Uingereza. Eric Clapton alipiga gitaa kwake katika albamu maarufu ya mwaka 1966, akaondoka kwenda kuunda Cream. Nafasi yake ikachukuliwa na Peter Green, naye akaondoka mwaka 1967 kwenda kuanzisha Fleetwood Mac. Akaja Mick Taylor, ambaye mwaka 1969 alichukuliwa na Rolling Stones. Wapiga gitaa watatu kwa mwalimu mmoja, na kila mmoja akitoka anazaa ukoo wake.

Kati ya hao watatu, aliyenishika ni Peter Green. Alizaliwa London mwezi Oktoba 1946, majuma machache baada ya Freddie kuzaliwa Unguja, na ingawa jambo hilo halina maana yoyote katika historia ya muziki, kwangu mimi lina ladha yake. Msomaji anayeijua Fleetwood Mac kwa nyimbo laini za mwishoni mwa miaka ya 1970 inabidi azisahau kwa muda, kwa kuwa bendi ya Green ilikuwa ya bluzi, na kati ya mwaka 1967 na Mei 1970, alipoondoka, ilirekodi kazi ambazo mtu anaweza kuzisikiliza kwa miaka bila kuzichoka. Yeye ndiye aliyetunga «Black Magic Woman» mwaka 1968, ambao wengi hudhani ni wa Santana. Sauti ya gitaa lake ni nyembamba, imelowa, na inatoka kama mtu anayenong'ona ndani ya chumba kikubwa kisicho na samani. Nilipomsikia kwa mara ya kwanza niliona kwamba hapa pana ndugu mkubwa wa Kossoff. Nota chache, nafasi kubwa, na ujasiri wa kuiacha sauti ife yenyewe. Programu haikuwa imenipendekezea Green hata mara moja.

Njia ya pili ni kuufuata wimbo badala ya mtu. Katika «Tons of Sobs» kuna wimbo uitwao «The Hunter», na ukisoma watunzi huoni jina la Rodgers wala la Fraser. Unaona majina ya Booker T. Jones, Steve Cropper, Donald Dunn, Al Jackson na Carl Wells. Wanne wa kwanza ndio bendi ya Booker T. & the M.G.'s, waliokuwa wakipiga katika studio ya Stax huko Memphis, katika jengo lililokuwa sinema zamani, kwenye barabara ya McLemore. Wawili walikuwa weusi na wawili weupe, katika mji wa kusini mwa Marekani wa wakati ule, jambo ambalo halikuwa dogo. Na aliyeuimba «The Hunter» kwanza ni Albert King, katika albamu ya mwaka 1967 iitwayo «Born Under a Bad Sign».

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyojisikia nilipoisikiliza albamu hiyo kwa mara ya kwanza, usiku, taa zikiwa zimezimwa. King alikuwa mtu wa mashoto aliyelishika gitaa la watu wa kulia kwa kuligeuza tu, bila kuzibadilisha nyuzi, hivyo nyuzi nyembamba zikawa juu na nene zikawa chini. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo mpiga gitaa mwingine huusukuma uzi kwenda juu, yeye aliuvuta kwenda chini kwa nguvu zote za mkono wake mkubwa, na nota ilipanda mbali sana kuliko vile sikio linavyotarajia. Ndiyo ile! Ile nota moja inayovutwa na kushikiliwa, ambayo nilidhani ni mali ya kijana Kossoff wa London, ilikuwa imetoka Memphis, kwa mtu aliyezaliwa Mississippi mwaka 1923. Na chini ya gitaa lile, Dunn na Jackson wanapiga besi na dramu bila kuongeza hata mpigo mmoja usiohitajika. Hapo ndipo Fraser na Kirke walipojifunza kunyamaza.

Baada ya hapo kila kitu kilianza kuunganika. Cream waliutoa wimbo «Born Under a Bad Sign» mwaka 1968. Led Zeppelin, katika albamu yao ya kwanza iliyotolewa Januari 1969, miezi miwili tu kabla ya ile ya Free, waliingiza beti za «The Hunter» ndani ya wimbo wao mrefu wa mwisho. Ukitaka kujua kwa sikio lako tofauti kati ya bendi hizi tatu, chukua kazi hizi za mzee mmoja uone kila bendi imefanya nini nazo: Cream wanazungumza wote kwa pamoja, Led Zeppelin wanazikuza mpaka ziwe kubwa kama dhoruba, na Free wanazivua nguo zote za ziada. Mimi niko upande wa Free, ingawa najua kwamba wengi hawako upande huo.

Kuna jambo katika njia hii ya kuufuata wimbo ambalo linaniudhi, nami sitalificha. Si kila ganda lilisema kweli. Willie Dixon wa Chicago alimtungia mwimbaji wa bluzi Muddy Waters wimbo «You Need Love», uliorekodiwa mwaka 1962. Mwaka 1966 bendi ya Small Faces ya London ilitoa wimbo unaofanana nao sana na kuandika majina ya watu wake wenyewe. Mwaka 1969 ikaja «Whole Lotta Love» ya Led Zeppelin, yenye maneno ya Dixon na isiyo na jina lake. Dixon alifungua kesi mwaka 1985, na mwaka 1987 pande hizo mbili zikapatana nje ya mahakama. Nakala za baadaye zinamtaja. Naipenda Led Zeppelin, lakini mtu aliyekuwa amewalisha wote hakupaswa kusubiri miaka 18 ndipo jina lake liandikwe. Na mimi ninayewatafuta wasanii kwa kusoma majina ya watunzi, jina lililofutwa linanikosesha njia. Nisingefika kwa Dixon, na kupitia kwake kwa Howlin' Wolf na Muddy Waters, kama yeye mwenyewe asingelidai haki yake.

Mwimbaji wa Small Faces aliyeuimba wimbo ule alikuwa Steve Marriott, kijana mfupi mwenye koo la ajabu, na kumfuata yeye kunakupeleka Humble Pie, bendi aliyoiunda na Peter Frampton mwaka 1969. Albamu yao ya jukwaani, iliyorekodiwa Fillmore East huko New York na kutolewa mwaka 1971, ni ya watu wasiojua kunyamaza hata kidogo, nayo ingepaswa kuwa kinyume cha kila nilichosema kuhusu Free. Lakini Marriott anaimba kwa njaa ile ile ya muziki wa soul aliyonayo Rodgers, na kwa njaa hiyo ni ndugu. Mpiga gitaa Rory Gallagher nilimpata kwa kusoma orodha ya waliopiga katika tamasha la Isle of Wight la Agosti 1970, ambako Free walikuwapo, naye pia akiwa na bendi yake ya Taste kutoka Cork, Ireland. Nilianza na albamu yake ya jukwaani ya mwaka 1974. Kasi yake ni kubwa kuliko ninavyopenda, lakini ni mtu mkweli, na Muddy Waters mwenyewe alimtumia katika albamu aliyoirekodi London. Mountain wa New York niliwapata kwa jina la mtayarishaji, kwani Felix Pappalardi, aliyetayarisha albamu za Cream, ndiye aliyewapigia besi. Wimbo mmoja mmoja wao naupenda, albamu nzima bado. Ya Black Crowes wa Georgia, ambao mwaka 1990 waliirudisha sauti hii yote pamoja na wimbo wa Otis Redding, nitayaandika siku nyingine, kwa sababu wanastahili nafasi yao wenyewe.

Ninarudi kwa Rodgers. Mwaka 1993 alitoa albamu ya kumuenzi Muddy Waters, iitwayo «Muddy Water Blues», na kila wimbo una mpiga gitaa mgeni. Nilisoma majina yao kidole kikiwa juu ya ganda: Buddy Guy, Jeff Beck, Gary Moore, na katikati yao Brian May. Kumbe miaka 12 kabla ya onyesho lile la Sheffield, mpiga gitaa wa Queen na mwimbaji wa Free walikwisha kukutana, na kilichowakutanisha kilikuwa bluzi ya Chicago. Mimi niliyedhani kwamba nilikuwa nimetoka mbali sana na Freddie nilikuwa nimezunguka tu nyuma ya nyumba ile ile.

Baadaye Rodgers alikwenda Memphis, katika studio ya Royal, akarekodi «The Royal Sessions», iliyotolewa mwaka 2014. Ndani yake kuna «Born Under a Bad Sign». Alikuwa ameanza kuwaimba watu wa mji ule akiwa kijana wa miaka 18 huko London, na sasa, akiwa ameshapita miaka 60, anauimba wimbo wa Albert King katika mji wa Albert King, polepole, bila kupigana nao. Anayempigia kinanda ni Charles Hodges, ambaye katika studio hiyo hiyo, miaka ya 1970, alimpigia mwimbaji wa soul Al Green. Jina la Hodges nimelikuta juzi tu. Albamu mbili za Al Green nimeshazipata, na ya kwanza naisikiliza usiku huu.